Gari ya zamani ikichemsha, usikubali hedi ishushwe siku hiyo hiyo

Nimeshaona injini nyingi za watu zinafunguliwa bila sababu mpaka roho inauma, na nyingi ni hizi hizi Toyota zetu za zamani, Corolla 110, Starlet, Carina, gari ambazo ukizitunza zinakufikisha popote. Unakuta geji ya temperecha imepanda, mwenye gari kakimbilia gereji ya jirani, fundi kafungua boneti kachungulia dakika mbili, tayari keshasema "bosi hii silinda hedi gasketi imekufa, tushushe hedi," yaani kile kipande cha juu cha injini kinachofunika silinda, na gasketi ndo pakingi iliyo chini yake. Jioni hedi iko chini kwenye turubai, boliti zimechanganyika kwenye ndoo, kumbe tatizo lilikuwa mfuniko wa rejeta, ile ya kupozea maji ya injini.

Mi natumia 110 yenye injini ya 5A-FE, cc 1498, bloku (mwili wa chini wa injini) la chuma na hedi ya aluminiamu. Hapo ndo penye hatari ya kuchemsha, maana aluminiamu na chuma hazitanuki sawa, ukilazimisha kuendesha huku geji iko juu hedi inapinda, na kipimo kinachoruhusiwa upande unaokaa kwenye bloku ni 0.05 mm tu, kitu ambacho kwa macho huwezi kukiona. Kwa hiyo geji ikipita pale inapokaaga siku zote paki pembeni, zima, subiri. Usiguse mfuniko wa rejeta wakati injini ya moto, kwa sababu ndani kuna presha na maji yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka, ukifungua tu presha inatoka, yanachemka papo hapo na yanakurukia usoni. Na jamani tuache kumwagia injini ya moto maji ya baridi, kwenye kupanda Kitonga naona sana watu wanashuka na madumu wanamwaga juu ya injini, wengine ndo wanaipasua hedi hapo hapo.

Swali la kumuuliza fundi, na la kujiuliza mwenyewe kabla hujafika kwa fundi, ni inachemsha wakati gani na maji yanaenda wapi. Ikichemsha kwenye foleni ya Kimara halafu ukitembea inapoa, angalia feni, hizi gari feni ya rejeta ni ya umeme, inaweza kuwa mota imekufa, fyuzi, rilei au swichi yake ya joto. Ikiwa kwenye foleni gari iko sawa ila ukikanyaga barabara kuu au mlima ndo inapanda, mara nyingi rejeta imeziba, na hapa Dar inaziba kweli maana watu tunaongezea maji ya kisima yenye chumvi miaka na miaka. Taa ya betri ikiwaka na geji ikaanza kupanda kwa pamoja basi fani belti imekatika au imelegea, kwa sababu kwenye 5A belti hiyo hiyo ya oltaneta (inayochaji betri) ndo inazungusha wota pampu, ile inayosukuma maji.

Yangu mwaka jana ilianza kupunguza maji kidogo kidogo, asubuhi nikifungua nakuta chupa ya akiba imeshuka na chini ya gari hamna hata tone. Fundi wa kwanza akasema gasketi. Nikamuuliza umepimaje, akanijibu ye ana uzoefu wa miaka mingi, nikamshukuru nikaondoka. Nikaenda mtaa wa Gerezani hapa Dar kwa mzee mmoja ambaye watu wa spea wenyewe walinielekeza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana wangu. Usiniambie ugonjwa kwanza, washa niisikilize."

Akasikiliza, akasema zima. Injini ilipopoa akaingiza tochi na kioo kidogo upande wa belti, akaniita nichungulie. Chini ya puli ya wota pampu kuna kitobo kidogo, na kuanzia kwenye kitobo kulikuwa na mstari mwembamba wa ukoko mweupe unaoelekea kwenye pinki, umeshuka juu ya bloku mpaka karibu na sampu, karai la oili la chini. Ule ukoko ni kulanti (maji ya rejeta yenye dawa) iliyokauka. Mzee akanielewesha kwamba kitobo kimewekwa makusudi kiwandani, sili ya ndani ikichoka maji yanatokea pale ili ujue kabla beringi haijaharibika, na injini ikiwa ya moto yanakauka kabla hayajafika chini, ndo maana sikuwa naona tone. Hakuishia hapo, alitoa plagi zote nne akapima kompresheni, yaani presha ya kila silinda, injini ikiwa ya moto, mi nimekanyaga mafuta mpaka mwisho ye anasoma geji, silinda zote zikawa zinakaribiana vizuri (zikipishana zaidi ya pauni 14 hivi kwa inchi ya mraba ndo uanze kuwa na wasiwasi). "Hedi yako nzima, kalete pampu." Huyo ndo fundi ninayemwamini, anayepima mbele yako na kukuonyesha.

Sisemi gasketi haifi. Inakufa, na dalili zake zipo wazi. Fungua mfuniko injini ikiwa baridi kabisa, washa, ukiona mapovu yanatoka mfululizo kwenye rejeta bila kukoma hiyo ni gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Au hozi ya juu inakuwa ngumu dakika chache tu baada ya kuwasha asubuhi, au ukichomoa dipstiki oili imekuwa kama chai ya maziwa, au moshi mweupe mzito unaendelea hata injini ikishapata moto. Mvuke mwepesi wa asubuhi kule Mafinga au Mbeya ni kawaida, usikutishe. Na ikibidi hedi ishuke kweli, dai ipelekwe karakana ya mashine ikapimwe na kusawazishwa, na boliti zikazwe kwa toki renchi, ile inayopima nguvu ya kukaza, kuanzia katikati kwenda nje, sio spana na bomba la kuongezea nguvu.

Kitu kingine kinachoniuma ni temostati. Mafundi wengi huku wanaitoa na kuitupa, wanasema ni ya nchi za baridi. Sio kweli! Kazi yake ni kufunga mpaka maji yafike kama nyuzi 82 ndo yaende kwenye rejeta, ukiitoa injini inachelewa kupata moto, kompyuta inadhani bado baridi inaendelea kumwaga mafuta mengi, halafu mwenye gari analalamika gari inakunywa. Na kwenye injini nyingi ile njia ya pembeni ya maji inabaki wazi muda wote kwa hiyo sehemu ya maji haipiti kabisa kwenye rejeta, ukipata mlima mrefu unachemsha vile vile. Yangu ilikuwa imetolewa na mwenye gari aliyenitangulia, tulivyofunga pampu tukarudisha na temostati mpya.

Spea nilienda kununua mwenyewe, pampu ya zamani mkononi, nikalinganisha idadi ya matundu ya boliti, urefu wa shafti na mapanga ya ndani, maana boksi linaweza kuandikwa jina lolote. Duka likikataa usifungue boksi uangalie, nenda la pili.

Kuhusu taa ya chekinjini, gari nyingi za Japani za miaka ya 90 mashine za kisasa za kusomea hazisomi, ila chini ya boneti kuna kiboksi kimeandikwa DIAGNOSTIC, unaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kawaya kadogo, unaweka swichi oni bila kuwasha, taa inakonyeza namba ya kosa, mfano 22 ni sensa ya joto la maji. Bure kabisa, na bado kuna watu wanalipia.

Sa hivi maji hayapungui. Kilichobaki ni moshi wa bluu kidogo asubuhi nikiwasha halafu unapotea, na kwa vile nikikanyaga mlimani hautoki, ringi za pistoni ziko salama, ni valvu sili (vimpira vya kuzuia oili isipite kwenye valvu) ndo zimekauka. Mzee kasema zinabadilishwa bila kushusha hedi, silinda inajazwa upepo wa kompresa ili valvu zisidondoke, nimeshanunua seti ya sili 16, nasubiri tu apate nafasi.