Alama za Penseli

Kitabu kilifika nyumbani kikiwa kimeshajibiwa. Mjomba wangu alikuwa dereva wa basi katika shule moja ya kibinafsi ng'ambo ya daraja la Nyali, Mombasa, na siku waliposafisha stoo aliokota vitabu vitatu kwenye lundo la kuchomwa. Viwili vilikuwa vimeliwa na mchwa. Cha tatu kilikosa jalada tu na kurasa chache za mwisho, zile zenye majibu, ambazo mtu alikuwa amezinyofoa. Ndani yake kila swali lilikuwa limejibiwa kwa penseli na mtoto mwingine, mwandiko umelalia kushoto.

"Mtihani wao wa kujiunga ndio huu," Mjomba alimwambia Baba, akakiweka juu ya cherehani. "Si wa kukariri. Wanapima akili."

Ilikuwa Disemba 2003. Nilikuwa nimemaliza darasa la sita katika shule ya msingi ya serikali huku kwetu Likoni. Januari ya mwaka ule elimu ya msingi ilikuwa imefanywa bure, na watoto walikuja kwa wingi hata tukawa tunakaa wanne kwenye dawati la watu wawili. Mjomba alikuwa amesikia kwamba shule yake itafanya mtihani mwezi wa Machi, na kwamba watoto wachache kutoka nje watakaofanya vizuri watapunguziwa karo. Hakujua itapunguzwa kiasi gani. Baba hakuuliza. Alifungua kitabu, akatazama kurasa mbili tatu, akasema, "Kwanza tumfute huyu."

Baba alikuwa fundi cherehani. Alishona barazani mpaka jua linazama, kaptura na sketi za shule Januari, kanzu kuelekea Idi. Usiku ule, baada ya isha, aliwasha taa ya chemni na kuanza kufuta. Raba yangu iliisha kabla hajafika ukurasa wa ishirini. Akamega mkate wa boflo, akatoa ule mlaini wa ndani, akaufinyanga kwa vidole mpaka ukawa kidonge, akaendelea nao. Ndivyo alivyokuwa akiondoa alama za penseli kwenye kitambaa cheupe cha kanzu kabla ya kumkabidhi mwenyewe. Kidonge kikishakuwa cheusi alikitupa, akafinyanga kingine. Kurasa nne, tano kila usiku. Mimi nilifanya zile zilizofutwa jana yake.

Lakini penseli ilitoka, mkandamizo ukabaki. Ukiuinamisha ukurasa mbele ya taa uliliona jibu la yule mtoto limezama kwenye karatasi, na hata gizani ungeweza kulisoma kwa ncha ya kidole. Mwanzoni nilimfuata. Yeye alisoma katika shule yenyewe, mimi ni nani? Kisha siku moja nikamkuta amekosea kujumlisha, kosa la wazi kabisa, na tangu hapo nikaanza kubishana naye. Kwa vile kurasa za majibu hazikuwapo, hapakuwa na mwamuzi. Tulikuwa mimi na yeye miezi mitatu, na ninaamini hakuna mtoto niliyewahi kumjua vizuri kama yule, ingawa sikujua hata kama alikuwa mvulana au msichana. Maswali ya maneno aliyajibu haraka. Ya maumbo yalimshinda: aliandika, akafuta, akaandika tena, mpaka karatasi ikakwaruzika.

Ya maumbo yalinishinda na mimi. Kulikuwa na aina moja: karatasi imekunjwa mara mbili, ikatobolewa tundu pembeni, nawe unaulizwa ikikunjuliwa matundu yatakaa wapi. Nilikaa na swali la kwanza la namna hiyo karibu saa nzima. Baba akaja akaangalia juu ya bega langu. Kiingereza chake kilikuwa cha vipimo na bei tu, lakini mchoro hauna lugha. Akachukua kipande cha bafta, akakikunja, akakitoboa kwa ncha ya mkasi, akakikung'uta. Matundu manne yakafunguka.

"Shingo ya kanzu hukatwa hivi hivi," alisema. "Ukikata upande mmoja tu, jua umekata na mwenzake. Ukishalijua kunjo, huna haja ya kukunjua."

Akafanya kumi na moja zilizofuata bila kitambaa, kwa kuzitazama tu, akinionyesha jibu kwa kidole chenye subana. Na subana ile ile ilitusaidia mara moja kwenye maneno. Kitabu kiliandika thimble, nami sikulijua. Kamusi ya kuazima ikasema ni kikofia cha chuma cha kidoleni. Nilipomsomea Baba aliinua kidole, akacheka kwa furaha kama mtu aliyeitwa jina lake ugenini.

Ukoo wa kitabu kile nilikuja kuujua nikiwa mtu mzima. Huko Uingereza shule za sekondari za kibinafsi zina mtihani wao wa pamoja, Common Entrance, ulioanza mwaka 1904, na watoto huufanya wakiwa na miaka kumi na mmoja au kumi na mitatu. Maswali hutungwa na bodi moja, lakini kila shule husahihisha yenyewe karatasi za wanaoomba kwake na kujiwekea alama ya kupita. Shule ya Mjomba ilikuwa ikitunga mtihani wake yenyewe, lakini kwa mtindo huo huo. Sisi tulizoea KCPE, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi wakati ule: masomo matano, alama 500, hisabati maswali hamsini kwa saa mbili, na matokeo yakitoka mtaa mzima ulijua umepata ngapi. Katika mtihani wa shule ya Mjomba maswali ya akili yalikuwa themanini kwa dakika hamsini. Hesabu mwenyewe: hazifiki sekunde arobaini kwa swali. Na alama yako hukuambiwa. Ulipata barua, basi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Mama alikuwa ameamka kabla ya alfajiri kupika mahamri na mbaazi, nami sikuweza kumeza. Alitusindikiza mpaka penye mteremko wa feri, akasimama. Tangu ajali ya feri ya Mtongwe ya Aprili 1994 hakuvuka isipokuwa kwa ugonjwa au msiba. Alinisomea dua, akanipulizia kichwani. Ng'ambo tulikaa sana tukingoja matatu. Sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi, zilikuwa zimeanza Februari, abiria kumi na wanne tu na kila mmoja afunge mkanda, na magari ambayo hayajafuata yalikuwa hayajarudi barabarani. Watu walilalamika kituoni. Baba hakusema kitu, alinishika mkono tu, na mkono wake ulikuwa na jasho.

Ukumbi ulikuwa na feni nyingi na zote zilizunguka. Wenzangu walikuja kwa magari ya wazazi, wakiwa na vikebe vya penseli vyenye zipu. Nilipewa karatasi, nikaambiwa nisigeuze mpaka kengele. Ilipolia nikageuza, na kabla ya kusoma nilipitisha kidole kwenye ukurasa. Ulikuwa mlaini kote. Hapakuwa na mtu. Nimejaribu mara nyingi kumweleza mtu hofu ile na sijui kama nimewahi kufaulu: kwa mara ya kwanza nilikuwa na swali peke yangu.

Nilianza na maumbo, kama Baba alivyoniusia. Kunjo zilikuwa sita na nilizimaliza bila kuinua kichwa. Kisha nikarudi kwenye maneno, na hapo nikakutana na swali ambalo nimelibeba mpaka leo. Tulitakiwa kutoa neno moja lisiloendana na mengine: oak, elm, ash, daffodil. Nililojua ni moja tu, ash. Jivu. Kitu Mama alichokizoa mekoni kila asubuhi na kusugulia masufuria. Nikaona kama matatu siyajui na hili nalijua, basi hili ndilo geni kati yao. Nikalizungushia duara, nikasonga mbele.

Hisabati ilipita vizuri, insha nayo ilipita. Baada ya mapumziko tuliitwa mmoja mmoja kwa mahojiano. Mwalimu aliyenihoji alikuwa mama wa makamo, na karatasi yangu ilikuwa mbele yake. Aliniuliza kuhusu nyumbani, kazi ya Baba, ninachopenda kusoma. Kisha akageuza ukurasa.

"Kwa nini ulichagua ash?"

Nikamwambia ni kile kinachobaki moto ukizimika. Akanyamaza kidogo. Akanieleza kwamba oak, elm na ash ni miti, na daffodil ni ua. Alisema kwa upole. Nilihisi uso unachoma.

"Wewe unajua miti gani?" akauliza.

Nikamtajia. Mkoko, mvinje, mkilifi, mkwaju, mbuyu, mkungu. Nikamwambia mkoko hutoa boriti, mkilifi hunywewa kwa homa na ni mchungu, mvinje huimba upepo ukivuma. Nilizungumza Kiingereza kibovu lakini nilizungumza kwa muda mrefu, na yeye aliandika karibu yote.

Nimekuwa mwalimu miaka mingi sasa, nimetunga mitihani isiyo na idadi, na kabla sijaliandika swali lolote hujiuliza ni mtoto yupi atakayekutana na jivu. Kama ningepewa mimi kulitunga lile, ningeandika: mvinje, mkoko, mkilifi, asumini. Mtoto yeyote wa Likoni angeichomoa asumini papo hapo. Wengine wengi waliokuwa ukumbini siku ile wangekwama. Nisingethubutu kusema hawana akili.

Barua ilikuja Aprili kwa mkono wa Mjomba. Nimepita. Nafasi ipo, Septemba, na nusu ya karo imeondolewa. Mama alipiga kigelegele mpaka majirani wakatoka. Baba aliisoma na Mjomba mara mbili, akaomba penseli, akageuza barua, akapiga hesabu mgongoni mwake. Nusu iliyobaki ilikuwa shilingi 42,000 kwa muhula. Kushona kaptura moja alilipwa 120. Kaptura mia tatu na hamsini kila muhula, kabla hatujala, kabla ya basi na vitabu. Na sare ya shule ile ilinunuliwa katika duka moja mjini. Hakuruhusiwa kunishonea mwenyewe. Hilo ndilo naliona lilimuuma kuliko yote, ingawa hakulisema.

Siku mbili alitoka akazungumza na watu. Alienda kwa tajiri wa duka la vitambaa, akaenda msikitini, akaenda shuleni kwenyewe na Mjomba. Hakuniambia alijibiwa nini.

Usiku wa tatu niliamka nikaona mwanga barazani. Baba alikuwa ameketi na taa ya chemni, mkate wa boflo kando yake, kitabu wazi magotini. Alikuwa anafuta majibu yangu.

"Mtoto wa jirani anaingia darasa la sita mwakani," alisema bila kuinua kichwa. "Mjomba wako anasema watafanya tena."

Nilikaa chini karibu naye. Sikulia, au labda nililia, lakini nakumbuka zaidi mikono. Nilimega boflo, nikafinyanga kidonge changu, nikaanza kutoka mwisho wa kitabu kurudi nyuma ili tukutane katikati. Nilikuwa mtu wa kukandamiza sana penseli. Boflo liliisha, kuku wakawa wanaanza kuwika, na nilipouinamisha ukurasa mbele ya taa tulikuwa bado tumo mle ndani, mimi na yule mwenye mwandiko wa kulalia kushoto, mmoja juu ya mwingine.