Nilivyozifikisha hesabu za Malemba-Nkulu kwa mbunge wa Marekani

Mama yangu alizaliwa Malemba-Nkulu, kando ya mto Lualaba, kaskazini mwa Katanga, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Mimi nimekulia Lubumbashi, lakini likizo zangu za utotoni nilizimalizia kule kwa bibi. Ndiyo sababu usiku ule wa Desemba 2011, nikiwa mbali huku Marekani, niliposoma matokeo ya uchaguzi wa rais wa Congo macho yangu hayakutulia kwenye jumla ya nchi. Yaliteremka hadi Malemba-Nkulu: waliojitokeza kupiga kura ni zaidi ya asilimia 99, na kura zote, au karibu zote, ni za Joseph Kabila.

Niliisoma namba hiyo mara tatu. Watu walipiga kura tarehe 28 Novemba, na Novemba kule ni mvua. Wavuvi huwa kwenye kambi zao ziwani, vijana wameshatoka kwenda kutafuta madini, wazee hawawezi kutembea kwenye tope. Na tangu watu waandikishwe mpaka siku ya kura, kuna waliokwisha kufa. Hata msiba wa chifu haukusanyi watu 99 katika kila 100.

Tume ya uchaguzi, CENI, ilitangaza tarehe 9 Desemba: Kabila asilimia 48.95, mpinzani wake mkuu Étienne Tshisekedi 32.33, mpinzani mwingine Vital Kamerhe 7.74. Miezi kumi na moja kabla yake, katiba ilikuwa imebadilishwa ili duru ya pili ifutwe, kwa hiyo asilimia 48 ikatosha kumrudisha Kabila Ikulu. Kesho ya matangazo hayo Kituo cha Carter cha Marekani, kilichokuwa na waangalizi huko, kilisema matokeo hayo hayaaminiki. Mjini Kinshasa, ngome ya Tshisekedi, matokeo ya vituo vya kura karibu 2,000 yalikuwa yamepotea. Yamepotea! Na Jumatatu, Kardinali Monsengwo, askofu mkuu wa Kinshasa, akasema matokeo yaliyotangazwa hayalingani na ukweli wala haki.

Nyumbani ujumbe wa simu ulikuwa umezimwa na serikali nchi nzima. Nilikuwa nanunua kadi za kupigia simu, napiga usiku kucha, na dada yangu ananong'ona kama mtu aliyejificha chini ya kitanda.

Jambo la kwanza tulilofanya Wakongomani wa mji wetu ni maandamano. Tulisimama kwenye baridi kali na bendera, tukaimba, tukapaza sauti kwa Kifaransa, Kilingala na Kiswahili. Siwalaumu waliokuwepo, nami nilikuwepo. Lakini magari yalipita, watu wakatupungia mkono, na hakuna aliyejua tunataka nini. Mama mmoja wa kanisani kwetu, mkimbizi wa kutoka Uvira, alinivuta kando akasema: "Mwanangu, hawa hawatusikii. Wewe umesoma, waandikie."

Nikaandika kurasa nne. Nilianza na Mfalme Leopold, nikaja kwa Lumumba, nikaja kwa Mobutu. Nikapiga simu ofisi ya mbunge wa eneo letu, na kijana aliyepokea akaniuliza kwa adabu: "Congo ipi?" Hapo nikaelewa kwamba kurasa zangu nne hazitafika popote. Niliketi upya, nikabakiza ukurasa mmoja.

Ukurasa huo ulikuwa na mambo matatu tu. La kwanza ni hesabu: Malemba-Nkulu upande mmoja, vituo vilivyopotea vya Kinshasa upande wa pili. La pili ni sheria yao wenyewe, na hapo ndipo nilipotumia nguvu zangu zote. Mwaka 2006 Marekani ilipitisha sheria maalumu ya kuisaidia Congo, kwa amani na kwa demokrasia. Aliyeileta Seneti ni Barack Obama, na Hillary Clinton alikuwa miongoni mwa walioiunga mkono. Mwaka 2011 mmoja ni rais, mwingine ni waziri wa mambo ya nje. Niliandika: sheria hii ni yenu, itekelezeni. La tatu ni ombi: msimpongeze mtu yeyote, msipeleke mkubwa kwenye kuapishwa, na mdai karatasi za matokeo, zile tunazoziita PV, zilinganishwe kituo kwa kituo mbele ya mashahidi.

Ugumu mkubwa haukutoka kwa Wamarekani, ulitoka kwetu. Papa mmoja, ndivyo tunavyomwita mzee kwa heshima, wa Kasai alikotoka Tshisekedi, mtu ninayemheshimu sana, alitaka tuseme wazi kwamba rais ni Tshisekedi, basi. Nilimwambia: "Papa, mimi naamini hesabu imechafuliwa. Lakini tukifika pale kumwombea mtu wetu, watatuona kama chama kilichoshindwa. Tukiwaambia kura hazikuhesabiwa, hawana pa kukimbilia." Tulibishana mpaka saa saba usiku. Mwisho akakubali, akakunja ile karatasi akaitia mfuko wa koti.

Upande wangu nako simu ikalia kutoka Lubumbashi. Ni mjomba. "Unamuuza mtoto wa Katanga kwa Mukasai?" Mtoto wa Katanga ni Kabila, Mukasai ni Tshisekedi. Neno hilo lina uzito kwetu. Mwaka 1992 na 1993 Wakasai walifukuzwa Katanga. Niliona familia za majirani zimelala kwenye stesheni ya reli zikingoja treni na magodoro yao. Nilimjibu kwa heshima kwamba kura zilizobuniwa Malemba-Nkulu zimewaibia kwanza watu wa Malemba-Nkulu, kwa sababu hakuna tena atakayeuliza wao wenyewe walitaka nini. Alikata simu. Nililia usiku ule, na niliogopa, si kwa ajili yangu, kwa ajili ya mama.

Kupata miadi ilihitaji ujanja mdogo ambao nawaambia wote wanaoniuliza. Ofisi ya mbunge husikiliza mtu anayekaa katika eneo lake. Mimi sikuwa raia bado, lakini katika kundi letu walikuwepo wawili waliokwisha kuapishwa uraia. Kila mmoja alipiga simu yake, siku yake, akataja mtaa anaokaa na ombi lile lile. Watu wa parokia yetu nao wakapiga. Siku ya nne tukapewa dakika kumi na tano na msaidizi wake, Jumatano ya tarehe 14.

Tulienda watatu: mimi, Papa wa Kasai na yule mama wa Uvira. Msaidizi alikuwa binti mdogo mwenye daftari. Aliuliza swali nililolitarajia: "Kwa hiyo mnataka Tshisekedi?" Nikamtazama Papa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba anataka kura za watu wa nyumbani zihesabiwe. Kisha mama akaongeza, nami nikatafsiri, kwamba alimzika mumewe kwenye vita na hataki watoto waambiwe tena kwamba bunduki ndiyo inayochagua. Dakika kumi na tano zikawa arobaini.

Kesho yake kamati ndogo ya Seneti chini ya seneta Chris Coons ilifanya kikao kuhusu Congo. Sisi hatukuwa chanzo chake. Jamii za Wakongomani zilikuwa zikipiga simu kama zetu kila mahali. Wizara ya mambo ya nje ya Marekani ilisema uchaguzi ulikuwa na kasoro kubwa. Hata hivyo Kabila aliapishwa tarehe 20, na rais wa nchi aliyekuja kumshuhudia alikuwa mmoja tu, Robert Mugabe. Hakuna kura iliyohesabiwa upya kwa namna tuliyoomba. Hilo bado linaniuma.

Mwishoni mwa Januari nilikuwa kazini, kwenye ghala, simu ikatetemeka mfukoni. Alikuwa yule binti. Kamati ndogo ya Afrika ya bunge la chini ilikuwa ikijiandaa kusikiliza suala la Congo tarehe 2 Februari, naye alikuwa anamwandikia mbunge maelezo. Ukurasa wetu ulikuwa mbele yake. Aliniomba jambo moja: nimfundishe kulitamka jina la ile wilaya. Nilisimama kati ya masanduku, nikaziba sikio moja kwa kidole, nikamtamkia polepole, Ma-le-mba Nku-lu, naye akarudia nyuma yangu mpaka likakaa.