Nilivyowafanya wasiocheza Counter-Strike wakae mpaka raundi ya mwisho

Mtu ambaye hajawahi kucheza Counter-Strike, ukimkalisha mbele ya skrini aitazame, mwanzoni anaona mkono ulioshika bunduki, ukuta unaopita kwa kasi, mlio, halafu picha inahamia kwa mtu mwingine. Nani kamuua nani? Wale pale wanashangilia nini? Hajui, na baada ya raundi mbili tatu anatoa simu mfukoni. Nimekuwa nikiandaa mashindano madogo ya gemu hii hapa Dar es Salaam, na kazi iliyonila nguvu kuliko kutafuta kompyuta, wachezaji na umeme wa uhakika ni hiyo ya kumfanya mtazamaji aone ninachokiona mimi.

Ugumu uko kwenye asili ya gemu zenyewe. Ukisimama barazani watu wanapocheza bao, kete zote ziko mbele yako, na mara nyingi unaiona hatari kabla ya mchezaji mwenyewe kuiona. Gemu ya risasi inayochezwa kwa jicho la mchezaji imejengwa kinyume kabisa. Kila mmoja anaona kipande chake tu, na ushindani wote unatokana na kutojua adui yuko wapi, kashika nini, anapanga nini. Kwa anayecheza, huko kutojua ndiko kunakompandisha mapigo ya moyo. Mtazamaji ukimpa kutojua kulekule umemchosha tu, maana hana kipanya mkononi wala hana la kuamua. Ndiyo maana tangu mwanzo nilishikilia jambo moja: mtazamaji ajue zaidi ya mchezaji.

Bahati yangu ilikuwa mahali. Mwenye kibanda umiza mmoja mtaani kwetu alinikubalia asubuhi za Jumamosi kabla mechi za Uingereza hazijaanza. Wachezaji walikaa chumba cha pili, waya wa mtandao ukapita dirishani, na watazamaji wakawa wale wanaowahi kiti cha mbele kwa ajili ya mpira. Hadhira ya namna hiyo haina huruma. Imelipa kuangalia mpira, haina deni na wewe, ikichoka inatoka kwenda kunywa chai. Lakini ndiyo niliyoitaka, kwa sababu wachezaji wenzetu wangevumilia chochote.

Kuchagua Counter-Strike hakukunipa shida. Ni watano kwa watano. Timu moja inabeba bomu ikalitege katika moja ya sehemu mbili za ramani, A au B, nyingine inazuia, au inalitegua likishategwa. Ukifa umetoka mpaka raundi ijayo, na hapo ndipo penye siri yote: watu kumi wanakuwa saba, wanne, wawili, na kila aliye ukumbini anaweza kuhesabu. Tangu Counter-Strike 2 ilipotoka mwaka 2023, timu inashinda ikifikisha raundi 13 badala ya 16 za zamani, kwa hiyo mechi haichoshi. Overwatch, gemu nyingine ya risasi, ni nzuri kuicheza, ila kuitazama ni mtihani. Ligi yake ilipoanza mwaka 2018 waandaaji waliwavalisha wahusika rangi za timu, za nyumbani na za ugenini, na bado watu sita kwa sita wanaofufuka kila mara katikati ya miale ya rangi zote walimchanganya mgeni. Kwenye mashindano ya PUBG, nayo gemu ya risasi, wanaingia watu 64 uwanja mmoja. Hapo kamera inakosa mengi hata akiishika bingwa.

Na kamera ndiyo kila kitu. Watu wengi hawajui kwamba nyuma ya kila matangazo mazuri ya gemu hizi kuna mtu ambaye hachezi wala hasemi, kazi yake ni kuamua tuangalie kwa jicho la nani. Kwenye Counter-Strike anaingia kama mtazamaji, vitufe vya namba 1 mpaka 0 vinamrusha kwa wachezaji kumi, na anaweza kuwasha miale inayoonyesha miili ya watu hata wakiwa nyuma ya ukuta. Vifaa vyote anavyo. Asipokuwa na subira, anafukuzia milio: risasi inalia, anabonyeza, anafika mtu keshaanguka.

Kijana niliyempa kazi hiyo alikuwa mchezaji mzuri mno, na uzuri huo ulimvuta kuangalia ulengaji wa mtu badala ya mwendo wa mechi. Tukawa tunafungua rekodi za mechi za zamani, tunafunika skrini yote kwa kipande cha boksi, tunaacha ramani ndogo ya pembeni peke yake. Mimi nasimamisha picha, yeye anataja vita itakayofuata itatokea wapi na kati ya nani na nani. Vidoti viwili vinasogeleana, mmoja ametulia kwenye kona, mwingine anatembea polepole kuja upande huo: basi nenda kwa aliyetulia, sasa hivi, kabla ya lolote. Miale inamwonyesha anayekuja kupitia ukutani, kibanda kizima kinamwona akisogea hatua kwa hatua kwenye mdomo wa bunduki asioujua. Risasi ikilia, watu walishaingoja. Ila anayeshambulia akiwa peke yake dhidi ya wawili, kaa naye yeye, kwa sababu shida iko mikononi mwake na watu wanataka kuona anaitatuaje.

Kibanda kilikuwa na televisheni kadhaa ukutani, na hiyo ikatupa kitu ambacho hata matangazo makubwa yanakibana kwenye kona ya skrini. Televisheni ya katikati ilionyesha jicho la mchezaji, ya kushoto tukaiacha muda wote kwenye ramani yote kutoka juu, vidoti kumi vikitembea. Mabadiliko yalikuwa makubwa. Watu walianza kunyoosha vidole kwenye ramani na kubishana: hawa wanajidai wanakwenda A, wanakwenda B hawa! Mtu anayebisha hatoki kwenda kunywa chai.

Kingine kilichofanya kazi ni hela. Kila mchezaji anaanza na dola 800, AK-47 ni dola 2,700, ile bunduki kubwa ya kudungulia, AWP, ni dola 4,750. Timu inayoshindwa mfululizo inaishiwa, na wakati mwingine inakubali kupoteza raundi kwa makusudi ili iweke akiba. Nilidhani hili ndilo gumu kuliko yote kulieleza, kumbe watu wa Dar hawahitaji somo kuhusu mfuko mtupu. Zile sekunde za kununua kabla raundi haijaanza, mtangazaji alisema sentensi moja tu: "Hawa wamefulia, wanaingia na bastola." Basi. Timu yenye bastola ikiangusha wenye bunduki nzito, shangwe ilikuwa kubwa kuliko ya ushindi wa kawaida, kwa sababu kila mtu alijua thamani ya kilichotokea.

Halafu saa. Bomu likishategwa zinabaki sekunde 40. Kulitegua mikono mitupu kunachukua sekunde 10, ukiwa na kifaa cha kuteguia, ambacho kinauzwa dola 400, ni sekunde 5. Hesabu hiyo ndiyo tamthilia yote ya gemu hii, lakini mgeni haioni. Counter-Strike inaweza kutoa taarifa zake za ndani, kama afya, hela na muda wa bomu, kwenda kwenye programu nyingine. Mwenzetu mmoja anayejua kuandika programu akatengeneza ubao wetu, tukaupachika juu ya picha kwa OBS Studio, programu ya bure ya kurushia matangazo. Saa ya bomu ikawa kubwa, juu katikati. Ikifika 10 inageuka njano, ikifika 5 inageuka nyekundu. Rangi hizo zilisema kitu kimoja: kuanzia njano, asiye na kifaa hana lake, kuanzia nyekundu hana lake yeyote. Ubao huohuo ulibakisha jina la kila timu upande uleule mechi nzima, maana baada ya raundi 12 timu zinabadilishana majukumu na mgeni anapotea papo hapo.

Nieleze raundi moja. Ramani ni Mirage, bomu limetegwa A, amebaki mmoja kwa mmoja. Mshambuliaji kajibanza nyuma ya maboksi. Mlinzi anakuja bila kifaa, anarusha moshi juu ya bomu, anaingia ndani yake. Saa inasoma 17. Kijana wetu wa kamera akakaa na mshambuliaji, miale ikimchora mlinzi katikati ya moshi mweupe. Kikasikika kile kilio kifupi cha mtu aliyeanza kutegua. Mshambuliaji naye kakisikia, akachomoza. Lakini sisi tulishaona kwamba mlinzi amegusa bomu na kuliachia hapohapo, amegeuka, bunduki iko tayari. Mlio mmoja. Mshambuliaji chini. Saa inasoma 11.

Mtangazaji alinyamaza. Tulikubaliana naye mapema kwamba ikifika hapo asiseme neno. Mlinzi akarudi kwenye bomu, na wale waliokuja kungoja mpira wakaanza kuhesabu kwa sauti, tisa, nane, saba. Mzee mmoja wa mbele alisimama akashika kichwa. Bomu likateguliwa likiwa halijafikisha sekunde moja kulipuka, na kibanda kikaruka kama limeingia goli dakika ya 90.

Tukio kama hilo ndilo linaloifanya gemu ikumbukwe. Mwaka 2014 kule Cologne, Ujerumani, Olof Kajbjer wa timu ya Fnatic, anayejulikana kama olofmeister, alitegua bomu kwenye ramani ya Overpass huku moto wa chupa ya petroli ukimuunguza, na watengenezaji wa gemu wakachora kumbukumbu yake kwenye ukuta wa ramani hiyohiyo. Kujua mahesabu ya mpangilio wa timu zile si lazima. Mtu anaungua, hataki kuachia, na yeyote mwenye macho anaelewa.

Utangazaji nao ulihitaji utaratibu. Nilichukua watu wawili. Mmoja sauti yake ni ya redio, kakua akisikiliza mpira wa redioni, ambako mtangazaji asipokwambia mpira uko wapi huna pa kuuona. Yeye anasema wakati wa mapambano tu, na anataja mahali kabla ya silaha: dirishani, ngazini, nyuma ya maboksi. Wa pili ni mchambuzi, anaingia raundi ikiisha, anaeleza kwa nini, ananyamaza. Wakipishana sauti wakati risasi zinalia, hakuna anayesikia kitu, na milio yenyewe ya gemu inapotea, wakati hatua za mtu asiyeonekana ni nusu ya utamu.

Kelele za watazamaji zilikuwa tatizo la kweli. Watu wanaoona kila kitu wanataka kusaidia, na "nyuma yako, nyuma!" inapenya ukuta wa matofali. Kwenye kumbi kubwa wachezaji wanavaa visikilizi vya kuzuia sauti. Sisi tuliwapa visikilizi vinavyofunika sikio zima, tukaweka spika za kibanda ziangalie barabarani, na matangazo ya mtandaoni tukayachelewesha kwenye seva ili asitokee mtu wa kumpigia mchezaji simu. Kuwaambia watu wanyamaze nilikataa katakata. Nimetumia jasho langu kuwafanya wapige kelele.

Sasa hivi tunahangaika na marudio. Tukio zuri likitokea watu wanataka kuliona tena kwa jicho la yule aliyeuawa, na sekunde za kununua ni chache, kwa hiyo lazima awepo mtu wa pili anayekata na kuandaa picha wakati wa kwanza yuko kwenye raundi. Tumeanza pia kuitazama Call of Duty: Mobile, ambayo vijana wengi wanaicheza kwenye simu zao. Ina aina ya mchezo wa kutega bomu, watano kwa watano, ukifa umetoka. Mwenye kibanda ameniuliza kama nitaleta hiyo, kwa sababu wateja wake wengine nao wana timu.