Kuitafuta Azania kwa Njia ya Nyamisati

Dar es Salaam huwezi kulikwepa jina la Azania. Kuna shule ya sekondari Upanga, kuna benki, na pale ukingoni mwa bandari kuna kanisa la Kilutheri la Azania Front, lile lenye mapaa ya vigae vyekundu lililojengwa na Wajerumani. Azania Front ilikuwa barabara ya ufukweni enzi za Waingereza. Barabara ikabadilishwa jina ikawa Kivukoni, kanisa likabaki na jina lake. Mimi nilitaka kwenda Azania yenyewe, ile pwani ya Afrika Mashariki ya kale, na tatizo ni kwamba haina anwani.

Ilichonacho ni maandishi. Katikati ya karne ya kwanza, mfanyabiashara wa Misri aliyeandika Kigiriki, na ambaye hakutaja jina lake, aliacha mwongozo wa mabaharia uitwao Periplus ya Bahari ya Eritrea. Anaanza Bahari ya Shamu, anazunguka Pembe ya Afrika, na akishapita Opone, ambayo leo ni Ras Hafun kule Somalia, anaingia Azania: kwanza majabali, kisha fukwe ndefu, kisha vituo vya mwendo wa siku moja moja, Sarapion na Nikon vikiwemo. Vinafuata visiwa vya Pyralaoi, ambavyo wengi huviona kuwa vya Lamu, halafu Menouthias, kisiwa tambarare chenye miti, mito, kobe, na mamba ambao anadai hawamdhuru mtu. Mbele ya Menouthias kwa mwendo wa siku mbili ndipo ilipo Rhapta, soko la mwisho. Baada ya hapo, anasema, ni bahari ambayo hakuna aliyeichunguza.

Huyu bwana alikuwa mchuuzi, na bei za vitu anazijua. Rhapta ilipokea mikuki iliyofuliwa Muza kule Yemen, mashoka, visu, mashazia na vitu vya kioo. Ilitoa pembe za ndovu nyingi ingawa si bora kama za Adulis, bandari ya Bahari ya Shamu, pembe za kifaru, na magamba ya kasa yaliyokuwa ya pili kwa ubora baada ya yale ya India. Anasema pia kwamba divai na nafaka zilipelekwa baadhi ya sehemu si kwa kuuza bali kuwafurahisha wenyeji. Chai ya kupitishia mzigo, kwa hiyo, ni mila kongwe pwani hii.

Kinachochosha wataalamu ni hesabu yake. Menouthias anaiweka mbali na bara kiasi cha stadia 300, kama kilometa 55. Unguja iko karibu zaidi ya hapo, Mafia ndiyo kabisa, kutoka kwenye delta ya Rufiji haifiki hata kilometa 25. Pemba ndiyo inayokaribia. Lakini kasa na makapu ya kuvulia samaki anayoyaeleza unaweza kuyakuta kwenye visiwa vyote vitatu. Sasa ukichukua stadia 500 kwa mwendo wa mchana mmoja, siku mbili ni kilometa 185 hivi. Anzia Pemba uelekee kusini, unaangukia Dar es Salaam. Anzia Unguja, unaingia Rufiji. Anzia Mafia, unaipita Kilwa. Ukibadili kisiwa, Rhapta nayo inahama. Na wapo wanaosema chombo kilitembea usiku na mchana, wakazizidisha stadia hizo mara mbili, na hapo hesabu yote inavurugika.

Niliichagua Rufiji kwa sababu moja: kuna kitu kilichotoka ardhini. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba huko miaka ya 1990 akapata shanga za kioo alizozitambua kuwa za Kirumi. Shanga si mji, lakini ni zaidi ya walichonacho watu wa sehemu nyingine.

Njia ya kwenda ni hii. Mabasi yanaondokea Mbagala Rangi Tatu alfajiri. Ukikosa la moja kwa moja, panda lolote la kusini ushuke Bungu, kisha utafute usafiri wa kuingia Nyamisati, gati la delta ya Rufiji zinakoondokea boti za Mafia. Hapo ndipo wanapokukamata. Bodaboda akijua una boti ya kuwahi, bei inapanda kadiri jua linavyopanda. Nilitajiwa elfu thelathini, nikalipa elfu ishirini, na abiria aliyekuja nyuma yangu na mkungu wa ndizi alilipa elfu kumi na mbili pamoja na ndizi zake. Vumbi ni la bure.

Nyamisati kulikuwa na habari mbili. Boti kubwa ilikuwa matengenezo, na mashua ya injini iliyobaki ilikuwa imelala ubavu kwenye tope. Gati liko ndani ya mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko, na maji yakipwa hakuna chombo kinachotoka. Zaidi ya hapo, siku zile zilikuwa za maji mafu, yaani maji yanajaa kidogo tu, hivyo hata yakijaa chombo chenye mzigo wa saruji kinaweza kubaki kinaburuza mkuku. Mwenye chombo aliyekuwa amechukua nauli zetu alijua yote hayo tangu asubuhi. Alipoulizwa mbona hakusema, alijibu kwamba hakuna aliyemuuliza. Nasema hivi kwa faida ya atakayepita njia hii: kabla ya kutoa hela uliza mwezi uko wapi. Mwezi mchanga na mwezi mpevu huleta bamvua, na njia inafunguka vizuri; mwezi ukiwa nusu, jiandae kulala.

Tukalala. Gesti elfu kumi na tano, chandarua chenye matundu ya kupitisha ngumi, na ndoo ya maji ya chumvi kidogo. Lakini kuchelewa huko ndiko kulikonikutanisha na fundi wa vyombo aliyekuwa akitia kalafati mashua nyingine iliyopandishwa pwani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekwama?"

Alikuwa akisokomeza pamba kwenye viungo vya mbao kwa patasi butu na nyundo, halafu anapaka deheni juu yake. Mkono wake haukusimama tulipokuwa tukizungumza. Nilimuuliza kama amewahi kuisikia Azania. "Si ile shule ya Upanga?" akaniuliza. Nilipomwambia kwamba Wayunani waliuita mji wa pwani hii Rhapta kwa sababu ya vyombo vyake vya kushonwa, alisimamisha nyundo kwa mara ya kwanza.

"Mtepe," akasema.

Hakuwahi kuuona mtepe, wala hangeweza, kwani vyombo hivyo vilitoweka pwani miaka ya 1930. Lakini kazi yenyewe aliijua kama alivyopokea kwa waliomtangulia, na alinionyesha kwa vidole juu ya ubao wa mashua. Unatoboa matundu kwa keke kandokando ya ubao, kila tundu likitazamana na la ubao wa jirani. Unapitisha kamba ya usumba, unaivuta mpaka mbao zibanane, kisha unagongomea kijiti ndani ya tundu ili kamba isilegee. Hakuna msumari hata mmoja. Tanga lake lilikuwa la kusukwa kwa ukindu.

Kamba ndiyo kazi. Makumbi ya nazi hufukiwa kwenye mchanga sehemu ambayo maji yanapwa na kujaa, miezi kadhaa, mpaka ile nyama ioze ibaki nyuzi. Wanawake huyachimbua, huyaponda kwa rungu, huziosha nyuzi na kuzianika, kisha ndipo husokota. Ukiyachimbua mapema nyama haitoki vizuri, nyuzi zinakuwa ngumu, na kamba inakatika inapopita kwenye tundu. Kule Unguja, upande wa Jambiani na Bwejuu, kazi hii imeendelea kwa ajili ya kamba za kawaida.

Nikamuuliza kwa nini mtu ahangaike kushona ilhali misumari ipo. Alinyoosha kidole kwenye mashua yetu iliyolala topeni. Chombo cha misumari kikipigwa chini na wimbi, ubao unapasuka msumari ulipo. Cha kushona kinajipinda, kinapokea pigo. Ubaya wake ni kwamba kinavuja mno, lazima mtu mmoja awe anakumba maji safari nzima, na kamba zikioza unashona upya. Msumari nao una ubaya wake: unaliwa na kutu na kuozesha mbao zinazouzunguka, na hilo ndilo alilokuwa akilitibu siku ile.

Maji yalitosha siku ya pili usiku. Kuvuka kulikuwa baridi, injini ilizimika mara moja tukiwa tumeshaiacha mikoko, ikawaka. Kisiwa cha Mafia nitakielezea siku nyingine: magofu ya Kua kule Juani yanastahili siku nzima na viatu vigumu, na mwaka 2016 zilitoka habari za kuta zilizoonekana chini ya maji upande wa magharibi ya kisiwa, watu wakatangaza kwamba Rhapta imepatikana. Wavuvi niliowauliza Kilindoni walikuwa tayari kunipeleka, kila mmoja mahali tofauti, kila mmoja kwa laki na ushee ya mafuta. Nilikataa. Miamba ya mchanga wa pwani hupasuka yenyewe kwa mistari iliyonyooka kama matofali, na bila mtu wa kuichimba huwezi kusema ni ukuta.

Jina lisilo na anwani, ukilifikiria, ni rahisi kuazimwa. Wagiriki wenyewe walikuwa na Azania nyingine kwao Arkadia, na kuna wanaodhani la kwetu lilitokana na neno lao la kukauka, na wengine wanalihusisha na Zanj ya Waarabu iliyozaa Zanzibar. Chama cha PAC cha Afrika Kusini, kilichoundwa 1959, kilijiita cha Azania kikiwa uhamishoni. Wapiganaji wake waliishi kwetu, na David Sibeko, mmoja wa viongozi wake, aliuawa Dar es Salaam Juni 1979. AZAPO, chama kingine cha hukohuko Afrika Kusini, ikafuata 1978. Afrika Kusini haikuwa hata ukingoni mwa Azania ya Periplus. Azania ni miongoni mwa majina yaliyotajwa Sudan Kusini ilipokuwa ikijiandaa kwa uhuru 2011, na huko hata pwani hakuna. Mwaka huohuo wanasiasa wa Jubaland, kusini mwa Somalia, walitangaza jimbo lao la Azania. Hao ndio pekee waliokuwa ndani ya mipaka yake, na jimbo lao halikudumu. Nairobi nako, Westlands, kuna barabara ya Rhapta, yenye magorofa na foleni.

Mimi ni mtu wa Pangani, na kwetu huliambii kundi la wazee barazani kwamba Rhapta iko kwingine. Wana hoja: Ptolemy, mwanajiografia wa karne ya pili, anauweka mji kandokando ya mto, ndani kidogo kutoka baharini, na Mto Pangani unaingia hivyo hivyo. Wasomi kadhaa wa zamani waliwaunga mkono. Tatizo ni zile siku mbili. Pangani iko usawa wa Pemba. Ili uifikie kwa siku mbili kutoka kaskazini unahitaji Menouthias iliyo juu ya Mombasa, mbali na bara kilometa 55, na bahari ya pale haina kisiwa cha namna hiyo. Labda mwandishi aliruka kitu, labda aliyenakili nuskha ndiye aliyekosea, maana mahali hapo pa maandishi pana matatizo. Hiyo ndiyo hoja nitakayokwenda nayo barazani.