Jicho Likiona Vizuri, Sindano Haikomi: Uzoefu Wangu na Ugonjwa wa Makula

Ugonjwa wa kuzorota kwa makula, sehemu ya nyuma ya jicho tunayoitumia kuona kilicho mbele yetu moja kwa moja, unaoletwa na umri hauondoi uoni wote kwa mkupuo mmoja. Huanzia katikati, pale pale ambapo mtu huelekeza macho anaposoma, anapotunga uzi kwenye sindano au anapomtazama mwenzake usoni, huku pembezoni kukibaki kama kulivyokuwa. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuzunguka nyumbani bila kujigonga popote, akaokota kijiko kilichoanguka sakafuni, kisha akashindwa kumtambua mwanawe aliyesimama mbele yake. Nimeishi na maradhi haya kwa miaka kadhaa sasa, jicho la kulia likiwa na aina ya majimaji na la kushoto likiwa na aina kavu, na katika matibabu yote jambo lililonichukua muda mrefu kulielewa halikuwa maumivu wala majina magumu ya dawa, bali ni kwa nini nichomwe sindano wakati jicho linaona vizuri.

Aliyeugundua ugonjwa ni daktari wa macho niliyemwendea kwa ajili ya miwani mipya ya kusomea. Alinitia matone ya kupanua mboni, akachungulia nyuma ya jicho, kisha akanionyesha kwenye skrini picha ya retina yangu, yaani tabaka la nyuma ya jicho linalopokea taswira, iliyotapakaa madoa ya manjano. "Mzee wangu, huu si mtoto wa jicho, kwa hiyo hapa hakuna lenzi ya kubadilisha," aliniambia. Nilipomuuliza kama miwani yenye nguvu zaidi isingesaidia, alijibu kwamba kazi ya miwani ni kufikisha taswira kwenye retina ikiwa safi, na kama retina yenyewe imechakaa, miwani haina la kufanya.

Makula ni eneo dogo katikati ya retina, lenye upana wa takriban milimita 5, na humo ndimo zilimosongamana seli zinazotuwezesha kuona rangi na mambo madogo madogo. Nyuma ya seli hizo kuna tabaka moja la seli zenye rangi ya giza ambazo huzilisha na kuziondolea taka, na chini ya tabaka hilo kuna utando mwembamba unaolitenganisha na mishipa ya damu. Umri unavyosonga, mabaki ya mafuta na protini hujikusanya kati ya tabaka hilo na utando, yakawa yale madoa ya manjano yanayoitwa druseni. Yakiwa machache na madogo hayana neno, kwa maana watu wengi wa makamo wanayo. Yakiwa makubwa au mengi, seli zilizo juu yake huanza kukosa lishe na kufa polepole. Hiyo ndiyo aina kavu, ambayo wagonjwa wengi, yapata tisa katika kila kumi, ndiyo waliyo nayo. Kwa wachache waliobaki, mishipa mipya ya damu huota chini ya retina, nayo kwa kuwa ni dhaifu huvuja maji na damu, na uoni ambao ungechukua miaka kupungua unaweza kuharibika katika wiki chache. Aina kavu inaweza kugeuka kuwa ya majimaji wakati wowote, jambo ambalo kwa maoni yangu kila mgonjwa angestahili kuambiwa siku ya kwanza, tena kwa msisitizo.

Wakati huo macho yangu yote mawili yalikuwa katika hatua ya kati ya aina kavu, ambayo haikuwa na dawa ya kuirudisha nyuma. Nilichopewa ni vidonge vya mchanganyiko uliotokana na tafiti mbili kubwa za Marekani zinazojulikana kwa jina la AREDS, ya kwanza ikiwa imechapishwa mwaka 2001 na ya pili mwaka 2013. Ndani yake mna vitamini C miligramu 500, vitamini E yuniti 400, zinki miligramu 80, shaba miligramu 2, luteini miligramu 10 na zeaksanthini miligramu 2. Kwa mtu aliye katika hatua ya kati, mchanganyiko huo hupunguza kwa takriban robo uwezekano wa kufikia hatua ya juu ndani ya miaka 5. Kwa mwenye druseni ndogo tu, au kwa asiye na ugonjwa kabisa, haujaonyesha faida, na haurejeshi uoni uliokwisha kupotea. Ninalitaja hili kwa sababu vidonge vya macho huuzwa kila mahali kwa ahadi nyingi. Jambo jingine ninalolikagua kila ninaponunua ni kwamba chupa isiwe na beta-karotini, iliyokuwamo katika mchanganyiko wa kwanza na ikaondolewa baada ya kuonekana kwamba huongeza hatari ya saratani ya mapafu kwa wavutaji sigara na kwa walioacha. Mimi ni miongoni mwa walioacha, na niliambiwa waziwazi kwamba katika mambo yote yanayochochea ugonjwa huu na ambayo mtu anaweza kuyabadilisha, hakuna linaloizidi sigara. Umri na urithi hatuna mamlaka navyo.

Pamoja na vidonge nilipewa karatasi yenye miraba, jedwali lililobuniwa na daktari wa Uswisi aitwaye Marc Amsler. Ni mraba wa sentimita 10 kila upande, uliogawanywa kwa mistari kuwa miraba midogo ya milimita 5, na katikati kuna nukta. Nililibandika kwenye mlango wa kabati, na kila asubuhi nikishavaa miwani ya kusomea husimama umbali wa sentimita 30 hivi, nikafunika jicho moja kwa kiganja, nikaikodolea ile nukta, nikajiuliza kama mistari yote imenyooka na kama kuna mraba uliofifia au kutoweka. Kisha hufunika jicho la pili. Kufunika ndiko kwenye maana yote, kwa kuwa macho mawili yakiwa wazi lile zima humfichia mwenzake aibu, na ubongo huunganisha taswira zao kiasi kwamba mtu hashuku lolote. Asubuhi moja, jicho la kushoto likiwa limefunikwa, mistari mitatu iliyo juu kidogo ya nukta ilikuwa imepinda kuelekea upande mmoja. Nilifumba jicho, nikalifumbua, nikafuta miwani, na mistari ikabaki vile vile. Nilikuwa nimekwisha kuagizwa kwamba siku hiyo ikifika nisisubiri miadi, basi nikampigia simu binti yangu anipeleke.

Vipimo vilikuwa viwili. Cha kwanza ni mashine ya OCT, ambayo hutumia mwanga kuonyesha tabaka za retina kana kwamba zimekatwa kwa kisu, bila kuligusa jicho. Cha pili ni rangi ya fluoresini iliyodungwa kwenye mshipa wa mkono, huku kamera ikifuatilia inavyopita katika mishipa ya macho na mahali inapovujia. (Daktari anaweza kusahau kulisema hili: mkojo hubadilika kuwa wa manjano iliyokolea hadi kesho yake, na ngozi nayo hupauka manjano kwa saa kadhaa. Usishtuke.) Picha zilionyesha mshipa uliokuwa ukivuja chini ya makula ya jicho la kulia, na matibabu yakaanza wiki hiyo hiyo.

Watu huogopa sana sindano ya jicho, kwa hiyo nitaieleza ilivyo. Hutiwa matone ya ganzi, kisha jicho na kope husafishwa kwa iodini, ambayo ndiyo inayowasha kuliko kitu kingine chochote katika shughuli nzima. Kifaa kidogo cha waya huzizuia kope zisifumbe. Daktari hupima milimita 3 na nusu au 4 kutoka ukingo wa sehemu yenye rangi, akakuambia utazame upande mwingine, na sindano nyembamba hupenya kwenye weupe wa jicho na kuiacha dawa ndani ya ute. Nilihisi msukumo, wala si mchomo, na ndani ya sekunde chache kazi ilikuwa imekwisha. Baadaye niliona viduara vyeusi vikielea, ambavyo ni mapovu ya hewa na hutoweka baada ya siku moja au mbili. Pengine weupe wa jicho huwa na doa la damu linalotisha kwa kutazama tu. La kuhofiwa kweli ni maambukizi ndani ya jicho. Hutokea kwa nadra sana, lakini jicho likiuma zaidi badala ya kutulia, likawa jekundu na uoni ukapungua katika siku zinazofuata, mgonjwa anapaswa kurudi hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Dawa yenyewe huzuia protini iitwayo VEGF, ambayo mwili huitumia kuamuru mishipa ya damu iote. Ya kwanza katika kundi linalotumika sana leo, ranibizumabu, iliidhinishwa Marekani mwaka 2006. Afliberseptu ikafuata mwaka 2011 na farisimabu mwaka 2022. Ipo pia bevasizumabu, iliyoanza kama dawa ya saratani ya utumbo mpana na ambayo madaktari wa macho huitumia ikiwa imegawanywa katika dozi ndogo kwa bei ya chini mno. Utafiti uliolinganisha hiyo na ranibizumabu, uliotolewa mwaka 2011, ulikuta kwamba baada ya mwaka mmoja ziliokoa uoni kwa kiwango sawa, na mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliiingiza bevasizumabu ya jicho katika orodha yake ya dawa muhimu. Nilichagua hiyo ya bei nafuu baada ya kuuliza ni nani anayeigawa na kwa usafi gani, na sijapata sababu ya kuibadilisha.

Sindano tatu za mwanzo zilipishana kwa mwezi mmoja mmoja, na baada ya hizo mistari ya jedwali ilinyooka karibu yote. Binti yangu alifurahi, akasema, "Baba, kama jicho limepona, basi tupumzike kidogo." Maneno hayo yalikuwa na mantiki kwangu, nami nikayafikisha kwa daktari kama yalivyo. Alinieleza kwamba dawa haiung'oi mshipa ulioota. Huunyamazisha tu, na ikishakwisha ndani ya jicho protini ile huanza tena kuamuru. Ndiyo sababu wao huongeza nafasi kati ya sindano wiki mbili mbili, wakipiga picha kila mara, hadi waone jicho husika linavumilia kiasi gani. Tulikwenda hivyo hadi wiki 10. Siku hiyo nilikuwa nimesoma herufi zile zile ubaoni na jedwali la asubuhi halikuwa na kasoro, lakini katika picha ya OCT chini ya retina palikuwa na uwazi mweusi uliotuna, yaani maji yalikuwa yamerudi. Nilichomwa, nafasi ikarudishwa kuwa wiki 8, na maji yakakauka tena. Picha hiyo ndiyo iliyonielewesha lile lililokuwa likinitatiza: hali yangu nzuri ilikuwa ni dawa inayofanya kazi, na kungoja hadi macho yenyewe yalalamike kungekuwa kungoja kovu, ambalo halina tiba.

Hata hivyo katikati ya jicho hilo kumebaki ukungu mdogo unaomeza herufi moja au mbili za neno. Mtaalamu wa uoni hafifu alinifundisha kutafuta sehemu ya retina iliyo nzima zaidi: nilichorewa duara kama uso wa saa, nikaambiwa nitazame saa 12, halafu saa 1, halafu saa 2, na kuendelea, huku nikiangalia ni wakati gani alama iliyo katikati inang'aa zaidi. Kwangu ni ninapotazama juu kidogo ya kitu chenyewe. Mwanzoni shingo ilichoka na watu walidhani siwasikilizi, kwa kuwa nilionekana nikitazama vipaji vya nyuso zao, lakini sasa hufanya hivyo bila kufikiri. Taa inayoelekezwa kwenye ukurasa kutokea kando imenisaidia kuliko kioo cha kukuzia cha bei kubwa, na simu inayosoma maandishi kwa sauti imenisaidia kuliko vyote viwili.

Jambo ambalo wengi hulificha ni kuona visivyokuwapo. Jioni, mwanga ukiwa hafifu, mimi huona vigae vyenye maua vikitanda ukutani, na mara nyingine watu wadogo waliovaa kofia, wakiwa kimya kabisa. Hali hiyo hujulikana kwa jina la Charles Bonnet, msomi wa Uswisi aliyeieleza mwaka 1760 baada ya kuishuhudia kwa babu yake. Haitokani na wazimu wala mashetani. Ubongo unaopokea taswira chache hujitungia zake. Kupepesa macho au kuwasha taa huziondoa, na kuitamka mbele ya daktari kuliniondolea mzigo mzito kuliko ugonjwa wenyewe.

Jicho la kushoto limefuata njia yake. Aina kavu imefikia hatua ambayo vipande vya tabaka la nyuma vimekufa, vikaacha doa lililo kando ya kitovu cha makula. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa mbili za hali hiyo, pegsetakoplani na avasinkaptadi pegoli, ambazo nazo huchomwa ndani ya jicho. Nilizizungumzia na daktari kwa kirefu. Hupunguza kasi ya doa kupanuka, hazirejeshi kilichopotea, hutaka sindano za mara kwa mara, na zinaweza kuongeza uwezekano wa jicho kuota mishipa ile inayovuja. Kwa kuwa jicho la kulia tayari linanidai sindano kila baada ya wiki 8, na doa la kushoto limekuwa likitambaa polepole, nimeamua kutozianza kwa sasa. Daktari ameuandika uamuzi huo kwenye faili langu, na tumekubaliana kuujadili upya iwapo picha zitaonyesha doa limekaribia kitovu.