Mashati chini ya mwembe

Alhamisi iliyopita nilikuwa uwanjani na darasa la tano, watoto 78 na mpira mmoja wa miguu ambao unavuja upepo, kwahiyo kila baada ya robo saa mtoto anakimbia nao kwa mlinzi upigwe pampu ya baiskeli. Jua la Korogwe mnalijua lilivyo kipindi cha mchana. Lakini wote 78 walikuwa wanatoka jasho, na hilo ndo jambo nataka kulisema leo maana limenikaa moyoni muda mrefu.

Mwaka wa kwanza nilivyopewa michezo nilifanya vilevile nilivyofanyiwa mimi nikiwa mwanafunzi. Unapuliza filimbi, unachagua wanaojua, wavulana 22 mpira wa miguu, wasichana 14 netiboli, basi, kipindi kinaenda. Hesabu yake ni 36, watoto 42 wamekaa chini ya mwembe wanawashikia wenzao mashati na kandambili, na mimi nikitoka pale naandika kwenye andalio kwamba somo limefundishwa. Kumbe nilikuwa nimefundisha nusu ya darasa, tena ile nusu ambayo hata nisingekuwepo ingecheza tu.

Kulikuwa na binti mmoja mkimya sana, darasani hanyooshi mkono, uwanjani yeye ni wa kushika mashati kila wiki. Siku moja jioni nimechelewa kutoka nikamkuta nyuma ya vyoo wanacheza rede. Yeye yuko katikati, wenzake wawili huku na huku wanamlenga na mpira wa manailoni, yeye kainama anachota mchanga anajaza chupa ya maji, mpira unakuja hata hauangalii, anakunja kiuno tu unapita, mkono haujaacha kuchota. Mara anaruka, mara analala upande, chupa haianguki. Ikajaa mpaka mdomoni wenzake wakapiga kelele. Nilisimama pale nikajiuliza, huyu ndo nimemwandika hawezi michezo? Wepesi ule, shabaha ya macho, pumzi, kila kitu anacho, ila mimi nilikuwa namtafutia kwenye mpira wa miguu peke yake.

Toka hapo nikabadilisha. Nawagawa makundi sita ya watoto 13, vituo sita. Kimoja rede, kimoja kuruka kamba (kamba za katani huku kwetu sio shida), kimoja kupokezana vijiti, kimoja kuruka chini kwenye mchanga, kimoja kulenga makopo kwa mpira wa matambara, cha mwisho chandimu na ule mpira wetu unaovuja. Kipindi ni dakika 40, nikitoa za kupasha mwili na za kunawa kinabaki kila kituo dakika 5, filimbi ikilia wanahama. Haihitaji hela jamani, inahitaji mwalimu aje uwanjani mapema apange.

Shida kubwa ni ratiba. Ukutani imeandikwa michezo, ukipita dirishani unakuta ubao umejaa sehemu na desimali. Nawaelewa walimu wenzangu kabisa, darasa la nne wana upimaji wa kitaifa, la saba wana mtihani wao, matokeo yakitoka vibaya mwalimu wa hesabu anaitwa kikao, hakuna aliyewahi kuitwa kikao kwasababu watoto hawakukimbia. Ndo maana michezo ndo inaliwa kwanza. Ila Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 mpaka 17 anatakiwa wastani wa dakika 60 kwa siku za kuushughulisha mwili hasa, kwa siku nimesema, sasa sisi tunabishania dakika 40 za wiki.

Na zamani kulikuwa na mchakamchaka, asubuhi shule nzima mnakimbia mnaimba, hakuna wa kushika shati la mtu. Pale hakuna aliyechaguliwa.

Mimi sipingi UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, nimepeleka watoto, furaha ya mtoto aliyevaa jezi ya wilaya mara ya kwanza huwezi kuieleza. Nawasimulia pia habari za mkimbiaji wetu Filbert Bayi, Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, New Zealand, mwaka 1974, mita 1500 kaongoza toka mlio wa bastola mpaka mwisho na rekodi ya dunia juu, wanakaa kimya wote wanasikiliza. Ninachokataa ni timu ikishachaguliwa wale waliobaki ndo michezo yao imeishia hapo mpaka mwakani.

Wasichana nao wana lao, sketi. Mtoto anaogopa kuruka kwasababu ya sketi sisi tunasema mvivu. Niliomba wazazi wawape kaptula ya kuvaa ndani, mama mmoja akaja kanikuta ofisini, "Mwalimu, mimi mwanangu nimemleta asome, sio kuja kurukaruka kwenye mchanga." Nikamwambia mama karibu Alhamisi uone mwenyewe. Akaja kweli, kasimama pembeni na kanga yake, kimya, mpaka tulipofika kituo cha rede akashindwa kuvumilia, "Hapana hapana, hapo kapigwa, atoke! Sisi mpira ukigusa hata gauni umekufa." Wakabishana naye sana wale watoto. Alikaa mpaka filimbi ya mwisho na wiki iliyofuata binti yake alikuja na kaptula.

Yule binti wa chupa hajaingia timu ya shule na wala sio lazima aingie. Alhamisi alikuwa kwenye vijiti, anapokea mkono wa kushoto, kamuacha mvulana mmoja nyuma hatua kama tatu. Mashati siku hizi tunayatundika kwenye tawi la mwembe.