Safu ya kushoto

Coralville, Iowa. Machi 2024

Jana jioni jirani yangu, mzee aliyelima mahindi maisha yake yote, alikuja na daftari lake. Kila mechi ya Hawkeyes, timu ya futiboli ya Chuo Kikuu cha Iowa, anaiandika humo: kushoto pointi, kulia panti. Panti ni pale timu ikikwama, inaupiga mpira kwa mguu uende mbali, maana yake chukueni nyie, sisi tumeshindwa. Kwenye kurasa za msimu uliopita safu ya kulia imejaa mpaka amehamia pembeni ya karatasi.

Futiboli ya Kimarekani nilijifunzia hapa hapa, na nimejifunzia pabaya. Septemba 2022 tuliwafunga South Dakota State 7–3 bila tachidauni hata moja, yaani bila kuufikisha mpira kwenye eneo la mwisho la wapinzani. Tulipata pointi 3 kwa kupitisha mpira katikati ya milingoti, halafu mara mbili mabeki wetu wakawakaba wapinzani ndani ya eneo lao wenyewe, kila mara pointi 2. Nilidhani ndivyo mchezo ulivyo! Mzee alinitazama kwa huruma, akanyamaza.

Kocha mkuu, Kirk Ferentz, yupo tangu 1999. Mimi niliyekulia Dar, nikizoea kusikia kocha wa Simba kafukuzwa kabla sijajua kulitamka jina lake, hilo lilinishangaza kuliko sheria za mchezo wenyewe. Na aliyesimamia mashambulizi tangu 2017 alikuwa mwanawe, Brian. Mwaka jana mkataba wake uliandikwa upya: timu ifikishe pointi 325, yaani 25 kila mechi kwa mechi 13. Mji mzima ukawa unapiga hesabu. Mwisho wa Oktoba mkurugenzi wa michezo wa muda, Beth Goetz, akatangaza kwamba Brian ataondoka msimu ukiisha. Wastani ulikomea pointi 15 na kitu.

Haki yake nimpe: kwotabeki, yaani mrusha mpira, Cade McNamara aliumia goti mapema, na waliobaki walipambana na walichokuwa nacho. Mechi 10 tukashinda, kwa nguvu ya mabeki na mguu wa Tory Taylor, yule kijana wa Australia aliyechukua tuzo ya mpiga panti bora wa vyuo. Kinnick, uwanja wetu, walikuwa wanamshangilia kama mfungaji. Halafu Michigan wakatupiga 26–0 kwenye fainali ya Big Ten, ligi yetu ya vyuo, na Tennessee 35–0 kule Florida mwaka mpya ulipoingia. Mechi mbili, kushoto sifuri, sifuri. Mzee hakuzungusha hata duara vizuri, kalamu imechana karatasi.

Sasa nafasi ya Brian amekuja Tim Lester. Alikuwa kocha mkuu wa chuo cha Western Michigan, mwaka jana akawa mchambuzi wa timu ya kulipwa ya Green Bay Packers. Kijana wa duka la tairi ananiambia tutaona wachezaji wakihamahama kabla mpira haujaanza, beki asijue amfuate nani. Jon Budmayr naye kapewa kuwafundisha wapokeaji, wale wanaokimbia mbele kudaka mpira, na hapo ndipo penye njaa hasa, maana wapokeaji wetu walikuwa wanakimbia wee, mpira hauji. Mzee anasema yeye haombi pointi 40. Ishirini zinamtosha. Anataka tu akienda jikoni kuongeza kahawa aogope kwamba atakosa kitu.

Hofu yangu nilimwambia. Kocha mpya ni mgeni ndani ya nyumba ya mtu, na mwenye nyumba kazoea kushinda 13–10 na kulala usingizi. Atamwachia usukani kweli? Au mechi ya tatu ikibana tutarudi kwenye panti zetu? Mzee akacheka. Uwanjani, alisema, robo ya kwanza ikiisha watu karibu 70,000 wanageuka kuwapungia watoto waliolazwa hospitali ya jirani, na kwa miaka hii huko kupunga ndiko kulikuwa furaha ya kwanza ya mchana.

Kisha akanionyesha ukurasa wa 2024, mtupu, mistari kaipiga kwa rula. Safu ya kushoto kaipanua. Ya kulia kaibana, ila si sana.